Giaboksi Inasumbua? Pima Mafuta Kabla ya Kununua Nyingine

Mama mmoja aliniletea Toyota IST yake ikiwa imekokotwa kwa kamba kutoka Kimara, matairi yote manne yakiwa chini. Alikuwa ameshaambiwa giaboksi imekufa, atafute nyingine ya mtumba, na mkopo wa kikoba ulikuwa njiani. "Fundi, niangalizie tu kama hiki nilichoandikiwa ni kweli," akasema huku akinipa karatasi. Nikavuta dipstiki ya giaboksi. Ilitoka kavu, ina unyevu kidogo tu pale kwenye ncha. Sili ya shafti upande wa kushoto ilikuwa imekatika. Mafuta yalikuwa yakidondoka kidogo kidogo, na kwa kuwa ilikuwa masika na gari linalala nje kwenye udongo, hakuna aliyeona alama. Tukaweka sili mpya na mafuta sahihi, injini ikawashwa, gari likashika D, likashika R, akaondoka nalo mwenyewe.

Si kila giaboksi inarudi kirahisi namna hiyo. Ila nimeona nyingi mno zikishushwa kwa kosa la mafuta, la waya, la maunti (mpira unaoshikilia injini) iliyokatika au la swichi ya breki. Ndiyo maana nimepanga maelezo haya kwa dalili, kama wateja wanavyozisema wakifika gereji. Kila dalili inaanza na sababu inayotokea sana, na kipimo unachoweza kufanya mwenyewe kinatangulia kile kinachohitaji fundi. Sehemu kubwa ni ya magari ya oto, maana ndiyo yaliyojaa barabarani siku hizi. Ya manyuo yako mwishoni.

Kabla ya dalili yoyote: mafuta

Ndani ya giaboksi ya oto, mafuta hayalainishi tu. Pampu inayasukuma, na presha yake ndiyo inayobana zile klachi ndogo za ndani ili gia ishike. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayopeleka nguvu ya injini kupitia konveta, kile kifaa kilicho kati ya injini na giaboksi, na ndiyo yanayopoza. Yakipungua, pampu inavuta hewa, presha inashuka, klachi zinateleza na kuungua. Kwa hiyo ukimkuta fundi anatamka hukumu kabla hajapima mafuta, mshukuru, chukua funguo zako.

Toyota nyingi zenye dipstiki hupimwa hivi:

1. Endesha kama kilomita 15 ili mafuta yapate joto, kisha egesha sehemu tambarare, hendibreki juu.
2. Injini ikiwa inaunguruma na mguu uko kwenye breki, pitisha leva taratibu kutoka P hadi L, kila nafasi sekunde mbili tatu, halafu irudishe P.
3. Usizime injini. Vuta dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, irudishe hadi mwisho, ivute tena. Soma upande ulioandikwa HOT.

Honda ni tofauti: unazima kwanza, halafu unapima ndani ya dakika moja au moja na nusu. Wengi hawalijui hili, wanapima Honda kama Toyota na kupata jibu la uongo. Magari mengi ya karibuni, na mengi ya CVT (oto inayotumia mkanda na puli badala ya gia za hatua), hayana dipstiki kabisa. Hayo hupimwa kwa kufungua bolti ya chini, gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa pande zote na joto la mafuta likisomwa kwa mashine. Kama huna lifti wala mashine hiyo, kazi hiyo mwachie mwenye navyo. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja, na ukumbuke kwamba mafuta ya giaboksi yaliyotoka safarini yanaunguza vibaya.

Sasa kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Dondosha tone moja la mafuta kwenye tishu nyeupe, uiache dakika chache. Mafuta mazima yanatanda taratibu na kuacha duara jekundu au la waridi, limefifia pembeni. Yaliyochoka yanaacha duara la kahawia. Yaliyoungua hayatandi vizuri: unabaki na doa jeusi katikati lenye chembe kama unga wa mkaa, na ukilisogeza puani unapata harufu ya mkate ulioungua. Chembe hizo ni ukanda wa klachi wenyewe, yaani ule utando wa kushikia, umebanduka. Na yakiwa na rangi ya waridi yenye povu kama maziwa ya stroberi, maji ya rejeta yameingia. Nenda kwenye sehemu ya mvujo hapa chini, usiwashe tena injini.

Mafuta ya CVT si lazima yawe mekundu. Yale ya Nissan ya NS-2, kwa mfano, ni ya kijani hata yakiwa mapya. Kwa CVT, angalia giza, chembe na harufu kuliko rangi.

Kuhusu aina, naomba nisikike. Mtaani mafuta yote ya giaboksi yanaitwa haidroliki, na hapo ndipo msiba unapoanzia. Dukani unapewa kopo lolote jekundu. Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinataka T-IV, zilizofuata zinataka WS, na mara nyingi jina limegongwa kwenye dipstiki yenyewe. Nissan za CVT zina NS-2 au NS-3. Honda Fit za kwanza, za 2001 hadi 2007, zenye CVT, zinataka HMMF. Ukitia Dexron III, mafuta ya oto za kawaida, kwenye CVT, mkanda wa chuma ulioko ndani hautapata mshiko unaoutegemea, utateleza na kuchimba puli zake. Gari litakwenda wiki, pengine mwezi, halafu litaanza kulia. Soma kitabu cha gari, soma dipstiki, na kopo lifunguliwe mbele yako.

"Nikiweka D au R linachelewa kushika"

Asubuhi unaweka D, unaachia breki, gari limesimama. Unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo linastuka na kuondoka.

Sababu ya kwanza ni mafuta kupungua. Ya pili ni mafuta machakavu, au chujio lililoziba ndani ya sampo (bakuli la mafuta chini ya giaboksi), hasa kama gari lilitoka Japani na tangu liingie bandarini halijawahi kubadilishwa mafuta ya giaboksi. Inafuata waya ya presha kwenye Toyota za miaka ya 1990, ile inayotoka kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) kwenda giaboksi. Ikilegea, presha inashuka na gia zinakuwa laini na zinateleza. Ikikazwa kupita kiasi, gia zinachelewa kubadilika na kuingia kwa nguvu. Nimeona mafundi wakiikaza ili "gari lichangamke". Waya hiyo ina alama yake, irudishwe kwenye alama.

Mwisho ndiyo sili za ndani zilizokakamaa. Dalili yake ni kwamba gari linachelewa likiwa baridi tu, na likipata moto linakuwa zima, kwa sababu mpira ukipata joto unalainika na kuziba. Likifanya kinyume, yaani baridi zima na moto linachelewa, mara nyingi pampu au klachi zimechoka: mafuta yakipata joto yanakuwa mepesi na kupita kila penye uwazi.

R peke yake ikichelewa au ikikataa huku D iko sawa, usilipuuze. Kwenye giaboksi nyingi R hutumia presha kubwa kuliko gia za mbele, kwa hiyo uchakavu huanza kuonekana huko. Unaweza kuendelea kuendesha kwa miezi, ukichagua maegesho usiyohitaji kurudi nyuma, lakini giaboksi ndiyo inakuaga.

Mafuta yakiwa sawa kwa kiasi na kwa aina, na bado linachelewa zaidi ya sekunde mbili, acha kubahatisha. Fundi wa giaboksi aunge geji na kupima presha. Na usikubali mtu akanyage breki na akseleta pamoja kwa muda mrefu "kupima nguvu". Kipimo hicho kipo, lakini hakizidi sekunde tano, na kikifanywa vibaya kinaunguza giaboksi papo hapo.

"Injini inanguruma, gari haliendi"

Unapanda mlima, mshale wa RPM unaruka hadi 4,000, mwendo uko pale pale. Huku ndiko kuteleza kwenyewe. Pima mafuta palepale ulipo. Yakiwa chini, ongeza ya aina sahihi nusu lita kwa nusu lita na utafute yanakotoka. Usijaze kupita alama, maana yakizidi yanapigwa na gia zinazozunguka, yanatoa povu, na povu halishiki presha.

Mafuta yakiwa tele lakini meusi na yananuka, klachi za ndani zimeshaungua. Hapa ndipo watu huniuliza kama ni kweli ukibadilisha mafuta giaboksi inakufa. Mafuta mapya hayaui giaboksi isiyo na ugonjwa. Ile iliyokufa baada ya kubadilishwa ilikuwa imeshaungua, na chembe za ukanda zilizoelea kwenye mafuta machafu ndizo zilizokuwa zikiisaidia kushika. Mimi humwambia mwenye gari hivyo kabla sijafungua bolti, ili aamue akijua.

Kama gari linateleza kidogo tu na mafuta ni ya kahawia bila harufu, kumwaga na kujaza kuna maana. Kwenye magari madogo kama Vitz au IST, ukifungua bolti ya sampo hutoka kama lita 3 hivi. Zilizobaki zimekaa kwenye konveta na mabomba. Ndiyo maana mara moja haitoshi. Mwaga, jaza kiasi kilichotoka, endesha wiki moja, rudia mara mbili. Kwa gari ambalo historia yake haijulikani naiamini njia hii kuliko mashine ya kusukuma mafuta yote kwa mkupuo.

Ukishusha sampo, utakuta sumaku ndogo zimeshika tope la kijivu, laini kama losheni ukilipikicha kati ya vidole. Tope hilo ni la kawaida, lifute urudishe sumaku. Ukikuta vipande vinavyong'aa, vinavyochoma kidole, kuna chuma kinachovunjika ndani. Hapo funga kazi. Hakuna mafuta yatakayotibu chuma.

"Gia zinaingia kwa kishindo"

Angalia sailensa kwanza, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga akseleta. Gari lililopata joto linatakiwa liwe karibu 700. Likiwa linanguruma kwenye 1,200 kwa sababu ya throto chafu au bomba la hewa lililopasuka, kila ukiweka D litapiga teke, na giaboksi haina kosa lolote.

Halafu maunti. Fungua boneti, mwenzako akae ndani, akanyage breki kwa nguvu, apeleke leva D, kisha R, kisha D. Wewe simama pembeni, kamwe usisimame mbele ya gari. Injini ikinyanyuka kama mtu aliyestushwa usingizini, maunti imekatika. Baada ya hapo angalia jointi za shafti na za propela kwa gari linaloendeshwa na tairi za nyuma kama Noah za zamani: jointi ikiwa na uchezo, sauti ni "klak" moja ya chuma wakati wa kuondoka, si teke la gari zima.

Yote yakiwa sawa, ndipo unafikiria mafuta ya aina isiyo yake, solenoidi za presha (valvu ndogo za umeme) na valvu bodi inayogawa mafuta. Hizo zinahitaji mashine na mtu anayejua kuisoma.

"Limekwama gia moja, taa ya O/D OFF inawaka na kuzima"

Taa ya O/D OFF ikiwaka tu na kutulia, inawezekana umegusa kitufe kilicho kwenye leva, kinachozima gia ya juu kabisa; kibonyeze, itazima. Ikiwakawaka yenyewe kwenye Toyota zenye kitufe hicho, kompyuta imerekodi kosa. Magari mengi, kompyuta ikiona kosa, yanajifunga kwenye gia moja, mara nyingi ya tatu, ili ufike nyumbani bila kuvunja kitu. Unaondoka kwa uzito kama umebeba mchanga, lakini ukishapata mwendo linakwenda.

Watu wengi hununua giaboksi kwa dalili hii, na ndiyo dalili yenye matumaini kuliko zote. Anza na betri: umeme ukiwa mdogo, kompyuta inachanganyikiwa. Uliza pia kama injini imeoshwa karibuni kwa mashine ya presha. Maji yakiingia kwenye swichi ya gia iliyo juu ya giaboksi au kwenye soketi za sensa, kesho yake gari limekwama. Chomoa soketi, ipulize kwa hewa, angalia kutu ya kijani, irudishe hadi isikike "tik".

Kisha kompyuta isomwe kwa mashine. Namba ya kosa P0700 peke yake haisemi kitu zaidi ya kwamba giaboksi ina ujumbe. Mwambie fundi aingie ndani asome ujumbe wenyewe. P0705 ni swichi ya gia. P0715 ni sensa ya mwendo wa kuingia na P0720 ya kutoka, zote mbili ni vipuri vidogo ambavyo kwenye magari mengi hufunguliwa kwa bolti moja. P0750 ni solenoidi A au waya wake. P0730 ndiyo ya kukuogopesha kidogo, kwa kuwa inasema gia iliyoitwa na mwendo uliopatikana havilingani, yaani kuna kuteleza. Fundi akikutajia bei ya giaboksi nzima bila kukuonyesha namba ya kosa, tafuta mwingine.

Nissan X-Trail T31 na nyingine za CVT zina tabia inayofanana: ukikimbia muda mrefu kwenye joto, mathalani kutoka Chalinze kwenda Morogoro mchana, gari linapunguza nguvu lenyewe. CVT imepata joto na inajilinda. Pumzika nusu saa, injini ipoe, uendelee taratibu. Ukifika, safisha rejeta na kipozeo, badilisha mafuta. Ukilazimisha kukanyaga, unamaliza mkanda.

"Linatetemeka kama napita kwenye matuta madogo"

Likitetemeka kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, mguu ukiwa umeegemea akseleta kidogo tu, mshuku konveta: klachi yake ya ndani inashika na kuachia. Kuna kipimo rahisi, kifanye barabara ikiwa tupu na hakuna gari nyuma yako. Wakati linatetemeka, gusa breki kidogo sana bila kuachia akseleta. Kugusa breki kunaifungua ile klachi. Mtetemeko ukikoma papo hapo, ni konveta au mafuta yake. Ukiendelea, rudi kwenye injini: plagi na koili mbovu hutoa mtetemeko unaofanana kabisa na huu, hasa ukipanda mlima. Badilisha plagi kabla hujaigusa giaboksi. Ikiwa ni konveta, mafuta sahihi yaliyobadilishwa mara mbili au tatu huponya nyingi. Zisizopona zinahitaji konveta.

Honda Fit za CVT nilizozitaja hutetemeka wakati wa kuondoka tu, ukiachia breki kwenye foleni. Tatizo lake linajulikana, ni klachi ya kuondokea. Weka HMMF mpya, kisha fundi alifundishe upya gari namna ya kuishika klachi hiyo. Wengi wanaishia kwenye mafuta na kulalamika hayakusaidia, kumbe nusu ya kazi haijafanyika.

"Leva haitoki P"

Hii si giaboksi. Kanyaga breki huku mtu akiangalia taa za nyuma. Zisipowaka, swichi ya breki au fyuzi yake ndiyo mbaya, na kompyuta haijui kwamba umekanyaga, hivyo inakataa kuachia leva. Swichi iko juu ya pedali, ni kazi ya dakika chache. Kwa dharura, pembeni ya leva kuna kitundu au kitufe kidogo cha kuifungua, lakini usiendeshe barabarani bila taa za breki.

Ikiwa leva inatoka kwa kishindo kila unapoegesha kilimani, ni mpangilio wako wa kuegesha. Gari limelalia kipande kimoja cha chuma ndani ya giaboksi. Kanyaga breki, vuta hendibreki, achia breki gari likae juu ya hendibreki, ndipo uweke P.

Mvujo na maji

Weka boksi lililofunguliwa chini ya gari usiku. Tone jekundu mbele upande wa tairi ni sili ya shafti. Katikati ni gasketi ya sampo. Pale injini inapokutana na giaboksi ni sili ya konveta au ya pampu, na hiyo inahitaji giaboksi ishuke. Usikubali bolti za sampo zikazwe kwa nguvu ili kuzuia mvujo. Sampo inapinda na mvujo unaongezeka.

Yale maziwa ya stroberi yanatokana na rejeta. Mabomba ya kupozea giaboksi hupita ndani ya rejeta, na kuta zikitoboka maji na mafuta vinachanganyika. Nissan Pathfinder za 2005 hadi 2010 zinajulikana kwa kasoro hii. Maji yanaachanisha gundi ya ukanda wa klachi, na kila kilomita ni hasara. Zima, libebe kwa gari la kubeba magari, badilisha rejeta kabla ya kuweka mafuta mapya. Likiwa limetembea umbali mrefu na mchanganyiko huo, giaboksi lazima ifunguliwe.

Na hapo narudi kwenye kamba ya Kimara. Gari la oto lisikokotwe matairi yanayoendesha yakiwa chini. Pampu huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na matairi yanazunguka, vyuma vya ndani vinasagana bila mafuta. Linaloendeshwa na tairi za mbele linyanyuliwe mbele, la tairi za nyuma linyanyuliwe nyuma, na la tairi zote nne libebwe zima.

Magari ya manyuo

Kwa manyuo, asilimia kubwa ya malalamiko ya giaboksi ni klachi. Gari likinguruma bila kwenda, simama mahali pa wazi, hendibreki juu, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu. Klachi ikiwa nzima, injini inatakiwa izime. Ikiendelea kuunguruma, klachi imekwisha. Fanya mara moja tu, usirudie. Kabla ya kuagiza seti kamili ya klachi angalia uchezo wa pedali, na uangalie kama sili ya injini imemwaga oili kwenye pleti, maana pleti mpya nayo italowa. Ukishusha giaboksi badilisha pleti, presha pleti na bearing yake kwa pamoja, na flaiwili (gurudumu la injini linaloshikwa na klachi) ichongwe ikiwa ina nyufa au alama za bluu.

Gia zikiwa ngumu kuingia, zima injini ujaribu. Zikiingia laini ikiwa imezimwa na kugoma ikiwashwa, klachi haiachii vizuri. Tazama kopo la mafuta ya klachi, halafu tafuta mvujo sehemu mbili: juu ya pedali ndani ya gari na kwenye silinda ndogo pembeni ya giaboksi. Ukilazimika kupampu pedali ndipo gia iingie, kuna hewa au mvujo. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, angalia bushi na waya za leva. Gia moja tu ikikwaruza kila ukiiweka, mara nyingi ya pili, sinkronaiza yake (pete inayolinganisha mwendo wa gia ili ziingiliane) imekwisha. Hapo angalia pia oili: magiaboksi mengi yanataka 75W-90 ya GL-4, na baadhi ya GL-5 huchokoza shaba ya sinkronaiza.

Kelele ukikanyaga klachi ni bearing ya klachi. Kelele gari likiwa nyutro na klachi imeachiwa, inayonyamaza ukikanyaga, ni bearing ya shafti ya kuingilia. Kelele ya gia moja ni gia hiyo. Inayopanda na mwendo kwenye gia zote, chunguza bearing za matairi kwanza.

Gia ikichomoka yenyewe, usiishikilie kwa mkono kama baadhi ya madereva wa Haisi wanavyofanya. Angalia maunti na bushi, zikiwa nzima giaboksi ishuke. Usiteremke Kitonga au Sekenke na gari la namna hiyo, kwa maana gia ikichomoka katikati ya mteremko umebaki na breki peke yake. Ni sababu ile ile inayonifanya niwasihi watu wasiachie gari nyutro mlimani ili kuokoa mafuta.

Ikibidi kweli kununua ya mtumba

Soma kibati cha gari, kilichopigwa kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Kwenye Toyota kuna mstari wa TRANS/AXLE wenye namba kama U340E. Namba ilingane, na uhakikishe ni ya tairi mbili au nne kama gari lako. Ukiwa dukani Gerezani au Kariakoo omba dipstiki au bolti ya chini ifunguliwe, unuse, uweke tone kwenye tishu. Andikishiana muda wa kujaribu.

Siku ya kufunga, uwepo. Konveta inaingizwa kwa mkono, ikizungushwa na kusukumwa, na unatakiwa usikie ikizama hatua kwa hatua, mara mbili au tatu, "dup", kabla haijafika mwisho. Fundi akivuta giaboksi kwa bolti ili ikutane na injini wakati konveta haijazama, pampu inavunjika hapo hapo na utaambiwa giaboksi uliyonunua ilikuwa mbovu. Mabomba ya kupozea yasafishwe, la sivyo uchafu wa giaboksi ya zamani unaingia kwenye hii. Baada ya kilomita 100 pima mafuta tena, tazama sili, na isomwe kwa mashine hata kama hakuna taa iliyowaka.